Kopo la Chenga

Kule Chimala mtu hasifiwi kwa mavazi wala kwa nyumba ya bati jekundu. Anasifiwa kwa mchele wake. Ukipeleka sokoni mchele mzima, punje zimelingana, wanunuzi wa Tunduma watauliza mwenyewe ni nani, na msimu ujao watarudi kumtafuta. Ukipeleka uliochanganywa na chenga, yale makombo ya punje yanayoishia kwenye pombe na mabanda ya kuku, jina lako wataliuliza vilevile, ila wataliuliza ili wakukwepe. Damari alikulia katika sheria hiyo. Mama yake alimkabidhi ungo akiwa na miaka sita, na kwa miaka thelathini na kitu alipepeta mchele wa watu mashineni, hadi ikawa akifumba macho na kushika konzi moja, vidole vinamwambia kama kuna chenga na ni nyingi kiasi gani.

Sasa mwanamke wa namna hiyo ukimpa pipa la unga wa chuma umwambie autunze, unategemea afanye nini? Injinia Ezekia hakujiuliza swali hilo hata siku moja. Alikuwa mtu mpole, msomi, mwenye kutembea upesi, na kama wasomi wengi alikuwa anakwambia cha kufanya bila kukwambia sababu.

Karakana yake ipo Iyunga, pale Mbeya, upande wa reli. Humo vyuma vidogo havifuliwi wala havichongwi, vinakandwa. Unga wa chuma, laini kuliko sembe, unachanganywa na nta na plastiki ndani ya kinu chenye moto mpaka unakuwa uji mzito. Mashine inausukuma uji huo ndani ya kalibu. Kinachotoka kina umbo unalolitaka, ila ni kikubwa kuliko inavyotakiwa, na ukikiangusha kinavunjika. Nta inatolewa taratibu, halafu kitu kinaingia tanuruni. Humo chembe za chuma zinashikana, kitu kizima kinanywea, na siku ya pili kinatoka kikiwa chuma kweli. Kwa njia hiyo walitengeneza vipande vya vitasa, vya cherehani, na vya mabomba ya kupulizia dawa mashambani.

Damari alikuwa mtu wa unga. Kuupima, kuukausha kwenye oveni, maana Mbeya wakati wa masika hata chumvi mezani inalowa, kisha kuutia kinuni na kuukandamiza kwenye kalibu. Mtu wa tanuru alikuwa Isakwisa, mzee wa Tukuyu asiyependa maneno mengi, ambaye hakuna chuma kilichotoka getini bila yeye kukipima na kutia sahihi.

Damari ana mtoto mmoja tu, Yotamu. Miaka miwili kabla ya haya ninayoyasimulia, lori la viazi lilimlalia kwenye mteremko wa kuja Uyole, akakatwa mguu wa kulia juu ya goti. Kabla ya hapo Yotamu alikuwa anapuliza tarumbeta kubwa la besi katika bendi ya kanisa lao la Moraviani, ile inayopita mitaani alfajiri ya Pasaka kuamsha watu waende makaburini. Tarumbeta la besi halipulizwi na mtu mwenye magongo. Linataka mikono yote miwili, na miguu ya kulibeba. Basi likatundikwa ukutani sebuleni, na Yotamu akawa anaketi chini yake akitengeneza simu za watu. Hakulalamika. Ila Pasaka mbili mfululizo, bendi ilipopita nje, alipandisha sauti ya redio.

Alitaka kitu kimoja tu, kutembea tena na bendi. Damari alitaka hichohicho, na uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Ndipo kliniki moja ya miguu bandia kule Iringa ikaagiza kwa Ezekia bawaba kumi na mbili za goti, chuma kile kinachokunja na kukunjua mguu wa bandia. Watu kumi na wawili walikuwa kwenye orodha. Jina la Yotamu lilikuwa la mwisho. Damari alipolisoma alienda chooni akalia, akanawa uso, akarudi kazini.

Bawaba kumi na moja zilitoka salama. Siku moja katikati ya kazi hiyo Ezekia, akiwa na furaha zake, alimwita aangalie unga kwenye darubini. Damari aliinama, na moyo ukamshuka. Kulikuwa na punje kubwa za mviringo, nzuri, zinang'aa. Katikati yake kumejaa vipunje vidogo vidogo, vingine havifikii hata sehemu ya kumi ya zile kubwa. Alijua alichokuwa anakiona, amekiona maisha yake yote. Muuzaji amechanganya chenga. Huko ng'ambo unga ulikotoka nako, kumbe, kuna wafanyabiashara kama wa kwetu. Alitaka kumwambia Ezekia kwamba amepigwa, lakini aliona si adabu kumwaibisha mtu mbele ya darubini yake mwenyewe. Akasema ni nzuri, injinia, akarudi kwenye mizani.

Lakini hakusahau. Kumi na moja za watu zimetoka kwenye unga wenye chenga, hilo ameshalinyamazia. Ya Yotamu je?

Ijumaa mchana, Ezekia akiwa ameenda mjini kufuatilia mitungi ya gesi, Damari alipima unga wa kutosha bawaba tatu, maana ya kwanza ikiharibika lazima iwepo nyingine, akatoka nao nyuma ya karakana. Alitandika turubai. Alijifunga kitambaa puani. Akachukua ungo wake, uleule aliotoka nao Chimala, akaanza kupepeta. Upepo wa saa nane ulikuwa wa kiasi, hauna fujo. Unga mwembamba ukainuka kama moshi, mwingine ukapotea hewani, mwingine ukaangukia turubai, na ndani ya ungo zikabaki punje nzito zinazosikika zikitembea. Alipepeta mara tatu. Kilichopungua alikijazia kwa kupepeta mwingine, mpaka uzito ukatimia. Mgongo ulimuuma, kucha zilikuwa rangi ya fedha, na kwa mara ya kwanza tangu lile lori alijikuta anaimba.

Chenga hakuzitupa. Mwanamke wa Chimala hatupi chenga. Alizikusanya kwenye kopo tupu la maziwa, akalifunga, akaliweka chini ya meza yake.

Mwamba ngoma huvutia kwake, na Damari siku ile alivutia kwa mikono miwili. Simlaumu. Nani kati yetu, akipewa kupakua, hajampa mwanawe mnofu?

Kinu kilinguruma kuliko siku zote, uji ukawa mgumu. Bawaba ya kwanza ilitoka na pembe pungufu, na ya pili hivyohivyo. Ya tatu ilitoka nzima. Kwa ndani, mahali pasipoonekana, akachora herufi Y kwa msumari.

Ilipotoka tanuruni Isakwisa aliijaribu kwenye geji, ikakataa kuingia. Akaijaribu tena. Akaigeuzageuza mkononi, akamwita Damari pembeni.

“Mama Yotamu, hii haijanywea sawasawa. Imebaki kubwa. Mimi ningesema tuiache, tufanye nyingine.”

Gari la kupeleka mzigo Iringa lilikuwa la kesho yake asubuhi. Likiondoka na kumi na moja, ya kumi na mbili ingesubiri agizo jingine, na agizo jingine hakuna aliyejua litakuja lini.

“Baba,” Damari alisema, “hiyo ni ya Yotamu.”

Mzee alimfahamu Yotamu, na aliwahi kumsikia akipuliza lile besi kwenye mazishi. Mwisho akasema basi, kubwa linapunguzika, dogo ndilo halina dawa. Akaibana kwenye jiriwa, akaipiga tupa, akaimaliza kwa msasa hadi geji ikakubali. Ilimeta kuliko zote. Akatia sahihi.

Iringa waliwapokea vizuri. Fundi wa miguu, dada mmoja Mhehe anayeitwa Yusta, aliwaamkia kamwene kila asubuhi kwa wiki tatu huku akimfundisha Yotamu kutembea kati ya vyuma viwili, halafu na chuma kimoja, halafu bila chuma. Damari alimwomba Yusta amfungie Yotamu ile yenye Y. Yusta alicheka, akasema mama ni mama tu. Yotamu naye alimwonyesha kila mgonjwa mguu wake, akisema goti hili kalipika mama yangu mwenyewe. Wenzake wakamwita Goti la Mama, na jina hilo alilipenda.

Mwezi wa kwanza alilishusha tarumbeta ukutani. Mwezi wa pili alikuwa analizungusha uani, hatua kwa hatua, akihesabu. Mwezi wa tatu mwalimu wa bendi alikuja kumsikiliza, akamwambia Pasaka atatembea mstari wa nyuma, upande wa kushoto, palepale pake. Damari alikwenda kununua kitambaa cha shati jeupe.

Wiki moja kabla ya Jumapili ya Mitende walirudi Iringa kukaguliwa. Yusta alimtembeza, akampima, akasema yuko vizuri, waende kwa amani. Nje ya kliniki kuna ngazi za mawe, siyo nyingi, kama tisa hivi. Yotamu aliziangalia, akamwangalia mama yake, akaliacha bomba la kushikilia makusudi ili amwonyeshe. Alishuka ngazi nne vizuri kabisa.

Sauti ilikuwa ndogo. Damari alidhani ni kijiti kimekanyagwa. Kisha mguu ukajikunja upande ambao goti halikunji, na Yotamu akaanguka na uzito wake wote juu ya kile kipande cha paja kilichobaki, akabingirika hadi chini.

Mfupa wa paja ulikuwa umepasuka vipande hadi karibu na nyonga. Madaktari walijaribu kuuunga. Kidonda kikaoza. Siku ya kumi wakakata tena, safari hii kwenye nyonga penyewe. Yusta ndiye aliyekuja kumweleza Damari kwenye benchi la nje, na hakumficha kitu. Mguu wa bandia unashikwa na paja. Watu waliokatwa nyongani wapo wanaotengenezewa, lakini si hapa, na si kwa mfupa uliobaki hivi. Huyu hatatembea tena.

Pasaka iliwakuta wodini.

Damari alikuwa na nusu ya bawaba kwenye mkoba. Aliiokota pale ngazini, hata hajui kwa nini. Aliitoa mara moja tu, akaangalia palipovunjika. Hapakuwa laini. Palikuwa na chembechembe kama sukari guru, na katikati ya chembe vitundu. Alikifunga kile kipande kwenye leso.

Waliporudi Iyunga alikipeleka kwa Ezekia. Injinia alikitia kwenye darubini. Kisha akaenda jikoni kunakopikwa chai, akarudi na glasi ya maharage na kikombe cha sukari. Labda alitaka kumfariji kwa kumweleza. Wasomi hufariji hivyo.

“Angalia, Mama Yotamu. Glasi imejaa maharage, siyo? Hakuna nafasi.” Akaanza kumimina sukari juu ya maharage, taratibu, na sukari ikawa inazama, inazama, kikombe kizima kikaisha na glasi haijamwagika hata punje. “Hizo nafasi zote zilikuwemo. Ndiyo maana unga wetu nauagiza hivi, mkubwa na mdogo pamoja. Mdogo unajaza mapengo. Halafu ndani ya tanuru mdogo ndio unatangulia kushikana, unauvuta mkubwa. Bila ule mdogo, chuma kinabaki na mashimo, hata ukipige msasa vipi.”

Damari aliiangalia ile glasi. Alilikumbuka kopo la maziwa chini ya meza yake.

Ezekia aliendelea, sasa akiongea kama anajijibu mwenyewe. Ameshapima unga uliobaki pipani, ni mzima, mkubwa na mdogo umo. Wale kumi na mmoja ameshapiga simu kwa Yusta, magoti yao yamekaguliwa, hayana ufa. Kwa hiyo tatizo si unga. Imebaki tanuru. Bawaba moja haikupata moto wa kutosha, na aliyeipitisha sahihi yake hii hapa.

Isakwisa akaitwa. Aliulizwa kama bawaba ile ilinywea. Akasema haikunywea. Aliulizwa kwa nini aliipitisha. Mzee alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwa Damari. Angeweza kusema neno moja tu, yule mama pale aliniomba, na neno hilo lingekuwa kweli. Hakulisema. Alisema aliona inafaa. Ezekia, kwa sauti ya mtu anayeumia, alimwambia akae nyumbani kwanza.

“Ndaga, injinia,” Isakwisa alisema, maana kwao hata ukifukuzwa unashukuru. Akachukua kofia yake na miwani ya tanuru, akatoka.

Na Damari alinyamaza. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, wala sina haja ya kumpamba. Alinyamaza mchana ule wote, akapima unga, akafagia, akarudi nyumbani, akampa mwanawe uji. Aibu ina uzito wake, na siku ile ilimshinda.

Kesho yake asubuhi alifika wa kwanza. Ezekia alipofungua ofisi alimkuta amesimama mlangoni na kopo la maziwa mkononi. Aliliweka mezani, akalifungua. Akamweleza yote, kuanzia darubini, ungo, upepo wa saa nane, Y, hadi tupa ya Isakwisa na nani aliyeiomba. Alieleza kwa sauti kavu, akiangalia kopo.

Ezekia alitia kidole ndani, akausugua ule unga kati ya vidole viwili. Ulikuwa laini hata hausikiki. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

“Mama Yotamu,” alisema, “goti ndilo hili.”

Alikaa kitini, akafunika uso. Baadaye alisema kosa ni lake pia, miaka minne amemwachia mtu unga bila kumwambia unga ni nini. Damari aliyasikia maneno hayo, lakini hayakumpata popote. Ezekia alipiga simu Tukuyu siku ileile kumrudisha Isakwisa na kumwomba radhi. Mzee alimshukuru sana, akasema haji. Alisema tupa ilikuwa mkononi mwake yeye, hakuna aliyemshikia.

Ikabaki nyumba moja ya kwenda, nayo ni yake mwenyewe.

Yotamu alikuwa kitandani karibu na dirisha. Tangu hospitali alikuwa amekonda, shingo imebaki mishipa, ila kuongea alikuwa anaongea. Habari za Isakwisa zilikuwa zimemfikia. Alikuwa anamwambia mama yake asimwekee kinyongo yule mzee, moto ni moto, nao unakosea, na mzee mwenyewe atakuwa anaumia.

“Si moto,” Damari alisema. “Ni mimi.”

Akamweleza. Alidhani ameshalia yote Iringa, kumbe hakuwa ameanza. Alimweleza habari za chenga, na jinsi alivyotaka goti la mwanawe liwe zuri kuliko ya wengine, punje tupu, bila makombo. Yotamu alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Alipomaliza, kijana aligeuza uso ukutani, pale tarumbeta lilipokuwa limerudishwa.

“Mama, hilo lirudishe kanisani,” alisema. “Wampe mtu.”

“Nitalirudisha, mwanangu.”

“Na wale wengine? Ulipepeta za kwao?”

Damari alitaka kudanganya. Nadhani ndilo jambo pekee alilolitaka kwa nguvu hivyo katika siku zile zote, kumwambia mwanawe kwamba wote kumi na wawili wameanguka, kwamba alimkosea kila mtu sawasawa.

“Hapana,” alisema. “Nilipepeta ya kwako tu.”

“Kwa hiyo wanatembea.”

“Wanatembea.”

“Wote?”

“Wote kumi na mmoja, baba.”

Yotamu alitikisa kichwa kuonyesha kwamba amesikia. Mama yake aliinuka, akalishusha tarumbeta ukutani, akalifuta vumbi kwa upindo wa kitenge. Ndani ya mdomo mpana wa tarumbeta bado kulikuwa na kile kitambaa cha shati jeupe alichokificha humo siku waliyoondoka kwenda Iringa, ili amshonee wakirudi.